Pingili Mbili

Kumi.

Bi Pingili alihesabu tena, safari hii kwa ukucha wa kidole gumba, pingili moja moja. Kumi. Kipande cha cheni kilikuwa kimelala chini ya benchi la shemeji yake, katikati ya vumbi la chuma na makaratasi ya maboksi, na ni ufagio wake uliokivuta nje. Kilikuwa kipya, bado kinang'aa, bado kimepakwa grisi ya kiwandani inayonata vidoleni.

Alibaki amepiga magoti, ufagio umelala pembeni. Cheni mpya ilitoka kwenye boksi lake na pingili mia moja na ishirini. Yeye ndiye aliyeifungua juzi na kuitundika msumarini. Ukikata kumi, zinabaki mia moja na kumi. Na ile pikipiki ya umeme iliyokuwa katikati ya karakana, imepandishwa juu ya stendi, gurudumu la nyuma likining'inia hewani, ilihitaji mia moja na kumi na mbili.

Hakuna aliyemwambia. Alijua tu, kama mshonaji anavyojua kiuno cha mtu kwa kumwona akipita mlangoni. Pikipiki ilikuja na gia ya nyuma ya meno arobaini na nane, ya kukimbilia barabarani. Kwa njia ya mawe walikotaka kuipeleka, gia ile ingekuwa kazi bure. Mota ingepata moto na kuzimika katikati ya mlima. Kwa hiyo jana shemeji yake alifunga gia ya meno sitini, pana kama sahani ya kulia watu wawili. Gia ikikua, cheni nayo hurefuka. Hilo hata mchomeleaji wa jirani alilijua. Kiasi gani, hapo ndipo penye kazi. Mtu mwenye haraka atapiga hesabu yake: meno kumi na mawili yameongezeka, cheni hukumbatia nusu tu ya gia, basi ongeza pingili sita kwenye zile mia moja na nne za zamani. Sita zinafika, ndiyo. Zinafika ukiisukuma ekseli ya gurudumu mbele mpaka mwisho wa nafasi yake, kama mtu mfupi anavyofikia rafu ya juu kwa ncha za vidole: amefika, lakini mguse tu uone.

Zilitakiwa nane.

Marehemu mumewe asingeikata cheni ile bila kumwita. "Kalia, mke wangu," angesema, naye angejifuta mikono kwenye gauni, akapanda kitini. Kama mwenye pikipiki alikuwa mtu wa kubeba magunia, mumewe angempakatisha na gunia. Kisha angelala chali sakafuni na kuibonyeza cheni kwa vidole viwili, juu, chini, juu, chini. "Cheni haipimwi pikipiki ikiwa imening'inia kama mbuzi buchani," alizoea kusema. "Mtu akikaa, springi zinashuka. Springi zikishuka, cheni inavutika. Ukiipima tupu umempimia shetani, maana hakuna mwingine atakayeipanda bila uzito." Miaka ishirini na miwili Bi Pingili alikaa juu ya pikipiki za watu, akiutazama utosi wa mumewe na vidole vile viwili. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anajifunza. Hata yeye mwenyewe hakujua, mpaka mume alipozikwa.

Miaka minne sasa. Karakana ilikwenda kwa mdogo wa marehemu, na yeye akabaki humo kama beseni linavyobaki nyumba inapohamwa. Kazi yake ilikuwa kuloweka cheni za wateja kwenye mafuta ya taa, kuzisugua kwa brashi, kufagia, kuchota maji. Alilala stoo ya nyuma, kitanda chake kati ya matairi chakavu. Jina la Bi Pingili alipewa na mchomeleaji, siku alipomkuta anahesabu cheni kuukuu huku midomo ikicheza, akadhani anasali. Na wiki iliyopita shemeji yake alisimama mlangoni mwa stoo ile, akaipima kwa macho, akasema bila kumwangalia: "Tukipata kazi ya hospitali, humu zitakaa betri. Na betri hazilali na watu."

Hospitali ilitaka pikipiki kumi na mbili za namna hii, za wakunga wa vijiji vya juu, ambako petroli haifiki lakini jua la kuchajia lipo. Kesho afisa manunuzi angekuja kuiona moja ikipanda mlima. Ikipanda, kazi ni yao. Na Bi Pingili hakuwa na pa kwenda. Kwa kaka yake alikozaliwa kulikuwa na mke aliyemhesabia hata vijiko vya sukari.

Alisimama, akakikung'uta kipande kile, akaenda nacho mpaka benchini. Shemeji yake alikuwa anafuta kioo cha simu kwa ncha ya shati. Mchomeleaji alikuwa amekalia ndoo, ana kikombe cha chai mkononi. Mteja mmoja alikuwa anasubiri pancha yake izibwe.

"Shemeji, ile cheni uliyoikata..."

"Imekufanya nini?"

"Haijanifanya kitu. Nilikuwa naangalia tu, kaka yako alikuwa na..."

"Eti kaka yangu." Aliiweka simu chini, taratibu, kama mtu anayeweka sahani ili apate nafasi ya kupiga kofi. "Kaka yangu alikuwa fundi, shemeji. Wewe alikuwa anakukalisha pale juu kwa sababu hakuwa na mfuko wa simenti. Leo mfuko tunao, ule pale mlangoni. Tena huo hauna maneno."

Chai ilimtoka mchomeleaji puani. "Bwana we! Mfuko wa simenti!" Akajipiga paja. "Lakini usimdharau Bi Pingili, simenti hailainiki hivyo!"

Hata mteja wa pancha alicheka, mtu baki, asiyemjua.

Bi Pingili alicheka nao. Hilo ndilo lililomkaa moyoni baadaye kuliko neno lenyewe: kwamba alicheka.

"Haya sema, ulikuwa unataka nini?" shemeji yake akauliza, akiwa ameshairudia simu yake.

"Nilitaka kuuliza kama nifagie na chini ya benchi."

"Fagia. Ila pikipiki usiisogelee. Kesho naipanda mwenyewe mbele ya afisa, sitaki inuke mafuta ya taa."

Naipanda mwenyewe. Alilisikia neno hilo, na kitu kilichokuwa kimesimama kifuani mwake tangu asubuhi kikakaa chini, kikatulia. Akakitia kile kipande mfukoni mwa gauni. Akafagia chini ya benchi, na nyuma ya benchi, na pembe zote za ukuta. Alifagia vizuri kuliko siku zote.

Jioni, kabla giza halijaingia stoo, alipiga magoti kama alivyozoea. Alianza kwa kushukuru, maana kila sala yake ilianzia hapo. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri. Halafu akajikuta anaomba cheni ile isikatike mapema. Isikatike pale chini kwenye tambarare, ambako mtu angeshuka tu na kujipangusa. Ishike mpaka kwenye mawe, mbele za watu, mbele ya afisa, ndipo. Alitaka shemeji yake aanguke. Si sana. Makalio, kiwiko, na heshima yake. Afisa aulize, "Nani humu anajua kupima cheni?" na watu wote wageuze shingo kumtazama yeye.

Alipogundua ni maneno gani aliyokuwa anayapeleka mbinguni, alinyamaza. Akainuka bila kusema amina, akajilaza na nguo zake.

Asubuhi jua lilitoka kali. Njia ya kwenda vijiji vya juu ilianzia nyuma ya karakana: tambarare fupi, kisha mawe, kisha kona inayoning'inia juu ya korongo la maji ya mvua, halafu juu kusikoonekana. Watu walikuwa wameshajipanga kandokando, maana kuona pikipiki isiyo na petroli ikipanda mlima ni sinema ya bure.

"Mbona hailii?" mama mmoja aliuliza, mikono kiunoni.

"Ya umeme hiyo."

"Kitu kinachokuja kimyakimya kama mama mkwe, mimi sikiamini," alisema mchomeleaji, na watu wakaangua kicheko.

Afisa manunuzi alikuwa mtu mkavu, ana faili kwapani, hacheki na mtu. Aliizunguka pikipiki mara mbili kama anayenunua ng'ombe. Akasimama mbele ya shemeji mtu, ambaye alikuwa amevaa fulana mpya na glavu.

"Nani anaipanda?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

"Wewe ndiye utakayekwenda kuzalisha huko juu?"

Watu walicheka. Shemeji mtu naye alicheka, kwa meno tu.

"Atakayeitumia ndiye ataijaribu," alisema afisa. "Mama, njoo."

Ndipo Bi Pingili alipomwona mkunga.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, amevaa suruali ndani ya gauni lake la kazi na viatu vya kamba. Wiki mbili amekuwa akijifunza kupanda pikipiki kwenye uwanja wa hospitali. Mgongoni pa pikipiki akafunga boksi lake la bati kwa mipira, akalitikisa kuona kama linacheza. Bi Pingili alimfahamu. Mwezi uliopita alipita karakana akiomba maji ya kunywa, akamkuta na brashi na beseni, akachuchumaa pale pale kumwuliza cheni moja ina pingili ngapi, na kwa nini, na anajuaje iliyochoka. Alisikiliza majibu yote. Alipoondoka alisema, "Ahsante, dada fundi," na Bi Pingili alilibeba neno hilo siku tatu nzima kama mtu aliyepewa yai la kushika.

Sasa miguu ilimpeleka yenyewe. Alijikuta amesimama karibu na gurudumu la nyuma. Mkunga alikuwa ameshakaa. Springi zilikuwa zimeshuka kwa uzito wake na uzito wa boksi, na cheni, ambayo jana ilikuwa imelegea kidogo kwa namna ya kumpendeza mtu asiyejua, ilikuwa imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo mbichi. Huhitaji kuigusa. Unaiona.

"Dada fundi!" Mkunga alimwona, uso ukafunguka. "Nilikuwa nakutafuta. Moyo unanienda mbio, usinicheke."

"Sikucheki." Bi Pingili akaligusa boksi. "Hilo boksi... liache basi. Panda mtupu kwanza, uwe mwepesi."

"Boksi ndiyo kazi yenyewe, dada. Nikiliacha nitamkata mtoto kitovu kwa meno?" Alicheka, kisha akainama, akashusha sauti iwe ya wawili tu. "Niambie wewe. Hawa wanaume wanazungumza sana. Cheni iko sawa?"

Shemeji yake alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya mkunga, glavu bado mkononi. Macho yake yalikuwa juu ya Bi Pingili. Hayakuwa macho ya vitisho. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja apewe kitu alichozoea kupewa.

Angeweza kusema. Neno moja tu, nalo ni fupi. Lakini nyuma ya neno hilo lilifuata jingine: umejua lini? Na nyuma ya hilo: kwa nini hukusema? Afisa na faili lake alikuwa pale. Watu walikuwa pale. Stoo ilikuwa pale, mlango wake wazi, na kutoka alipokuwa amesimama aliweza kuiona pembe ya kitanda chake.

"Iko sawa," alisema.

"Basi," alisema mkunga, na mabega yake yakashuka, yakapumzika. Akaukaza mkono wa usukani.

Pikipiki iliondoka bila kelele isipokuwa moja, ambayo watu wengine hawakuisikia au waliisikia wakadhani ndiyo sauti ya umeme. Cheni ilikuwa inalia. Mlio mwembamba, wa juu, kama mbu ndani ya chandarua. Bi Pingili aliusikia tambarare yote. Alikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Hatua thelathini, arobaini, mkunga bado anakwenda pole, watu bado kimya. Alifungua kinywa. Hewa iliingia, haikutoka.

Mawe ya kwanza, ikapita. Ya pili, ikapita, watu wakapiga makofi. Mkunga akapata moyo, akakaza. Penye kona kulikuwa na jiwe lenye mgongo; gurudumu la mbele likalipanda, la nyuma likashuka nyuma yake kwa kishindo, springi zikalala mpaka mwisho, na cheni, isiyokuwa na hata nusu ya ukucha wa kulegea, ikakatika.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu aliyevunja kijiti gotini. Kipande kilichokatika kilijisokota kwenye gia ya mbele, gurudumu la nyuma likakwama, na pikipiki nzima ikarudi kinyumenyume, ikamlalia mkunga, ikateleza naye mpaka ukingo wa korongo na kuingia. Boksi lilifunguka. Mikasi, glavu, kopo la dawa, na bunda la pamba lililojifungua likateremka jiwe kwa jiwe, jeupe, refu, halina haraka.

Halafu mkunga akaanza kupiga kelele.

Walimtoa wanaume sita. Goti la kushoto lilikuwa limeangalia pasipo pake. Gari la hospitali lilipoondoka naye, afisa hakupanda. Alirudi karakana na cheni iliyokatika, akaitupa juu ya benchi.

"Nani anajua kusoma kitu hiki?"

Mchomeleaji alikuwa anaangalia viatu vyake. Kisha mtu akasema, "Bi Pingili," na shingo zote zikageuka, hivyo hasa alivyokuwa ameomba.

Alisogea. Aliivuta cheni kwa vidole, mbele ya macho yao, akihesabu kwa sauti, na sauti haikutetemeka. Ni jambo la kushangaza jinsi isivyotetemeka. "Mia moja na kumi. Inatakiwa mia moja na kumi na mbili. Imepungua mbili."

"Umejua lini?" aliuliza afisa.

"Sasa hivi."

"Ilitoka hivyohivyo kwenye boksi, mheshimiwa," shemeji yake aliingia haraka, jasho limemtoka juu ya mdomo. "Sisi hatukuigusa. Walituuzia fupi."

Afisa hakumtazama. Alimtazama yeye. "Kweli, mama?"

Mfukoni, ubavuni, zile pingili kumi zilikuwa zimepata joto la mwili wake.

"Kweli."

Afisa alifungua faili, akaandika muda mrefu. "Nisikilizeni. Hakuna pikipiki ya hospitali itakayotoka humu bila mama huyu kuhesabu na kuweka sahihi yake. Yeye, siyo mwingine. Mkikubali hivyo, tunaendelea. Mkikataa, natafuta kwingine."

"Tumekubali," alisema shemeji mtu.

Walipobaki wawili, shemeji yake alikuja akasimama mbele ya beseni lake la mafuta ya taa. Alimtazama kwa heshima, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, na heshima hiyo ilimtambaa mwilini kama mdudu.

"Jana ulikuja na kitu mkononi. Ulitaka kuniambia nini, shemeji?"

"Nilikuuliza habari ya kufagia."

Alitabasamu polepole. "Naam. Na ukafagia vizuri." Akamgusa bega. "Sasa tunaelewana, mimi na wewe. Tungeelewana zamani, kaka angefurahi."

Alipoondoka, Bi Pingili alikitoa kipande mfukoni, akakitumbukiza kwenye pipa la taka za mafuta. Kikazama bila povu. Mkono ulibaki unanuka grisi mpya, na sabuni haikuweza kitu.

Siku ya tatu alikwenda hospitali. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, ameyasema kwa sauti mpaka mpita njia mmoja akamsalimu akidhani anasemeshwa. Mkunga alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa vyuma, uso umepungua.

"Dada fundi! Umekuja kwa miguu mwendo wote huo? Kaa, kaa hapa kwangu, usiogope shuka."

Akakaa ukingoni.

"Daktari anasema halitakunjika tena," alisema mkunga, akilipapasa goti juu ya bandeji kama anayelipapasa la mtu mwingine. "Kupanda mlima ndiyo basi. Wamenitafutia kazi ya kuandika kadi, chini hapa. Mimi, kadi!" Alijaribu kucheka. "Makosa ni yangu, lakini. Nimelala hapa nimeyafikiri. Nilikaza mkono kwenye jiwe kama mwehu. Mwalimu wa pikipiki alinionya, kwenye jiwe uende pole. Ila nilikuwa sina wasiwasi, unajua? Ulishaniambia cheni iko sawa. Nikasema basi, hiyo imekwisha, nikakaza."

"Dada, ile cheni..."

"Usijitese." Mkunga alimshika mkono. "Wameniambia ilitoka fupi dukani. Ungejuaje? Mtu haoni ndani ya chuma. Wewe ndiye peke yako humo uliyenitakia mema, mpaka ulinikataza boksi, unakumbuka? Laiti ningekusikia!"

Bi Pingili alifungua kinywa, na kama siku ile penye mawe, hewa iliingia haikutoka. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba chungwa limenywe. Akalimenya. Akamenyea wodi nzima machungwa yao, mmoja mmoja, kisha akaaga.

Mambo yake yalinyooka. Shemeji mtu alimnunulia kiti chenye mgongo na taa ya mezani, akamwandikia ukutani kwa rangi nyekundu: VIPIMO VYA CHENI, HAPA. Betri zilipelekwa chumba kingine. Stoo ilipigwa chokaa. Mchomeleaji alianza kumwita "fundi mkuu", mwanzo kwa utani, kisha bila utani. Pikipiki kumi na moja zilizobaki zilipita mikononi mwake, moja baada ya moja, na kila moja aliipima na mtu juu yake, na boksi mgongoni pake, vidole viwili, juu, chini. Hakuna hata moja iliyorudi na hitilafu. Zilikwenda vijiji vingine. Ile iliyoanguka, ya kijiji cha juu cha mkunga yule, ilitengenezwa nayo, ikasimama karakana imefunikwa turubai, kwa sababu mkunga wa kuipanda hakupatikana. Wawili waliitwa, walipoisikia habari ya goti, mmoja alikataa kwa barua na mwingine hakujibu kabisa.

Sala zake aliendelea nazo. Alipiga magoti, alianza kwa kushukuru, na hapo hapo alikwama, kama mtu aliyesahau njia ya nyumba anayoiendea kila siku.

Mwezi wa pili tangu ajali, mchana, alikuwa kitini mwake na cheni mpya mapajani aliposikia miguu mingi ikija kutoka upande wa nyuma. Wanaume wanne walikuwa wanashuka mlima na machela ya miti na blanketi. Walikuwa wametembea tangu kabla ya mapambazuko; mavumbi yalikuwa yamewafika magotini, na mmoja alikuwa anachechemea peku, kiatu chake amekifunga kiunoni. Pembeni alitembea mwanamke mtu mzima akiwa na khanga iliyolowa mkononi, akimfuta aliyelala. Waliomba kivuli cha kupumzikia. Wakamteremsha mbele ya meza yake, chini ya yale maandishi mekundu.

"Tangu jana asubuhi," alisema yule mama mtu mzima, hakusema na mtu yeyote hasa. "Mtoto ametanguliza mkono. Huko juu hatuna wa kumgeuza."

Aliyelala alikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanatazama. Bi Pingili alichota maji kwa kikombe, akapiga magoti, akamtilia kidogo kwenye midomo. Midomo haikuyapokea, yalipita shavuni yakaingia sikioni. Akayafuta kwa ncha ya aproni yake mpya.

Ndipo uchungu ulipokuja tena. Mwili wa msichana ulijipinda, na mkono wake ukarushwa hewani ukitafuta cha kushika, ukaupata wa Bi Pingili. Ukaukamata pale juu ya kifundo, kucha zikazama kwenye grisi na ngozi.

"Tuinue," alisema mmoja wa wanaume. "Hospitali bado mbali."

Wakainua. Mkono haukuachia. Yule mama alijaribu kuvikunjua vile vidole, kimoja kimoja, akashindwa. "Mwache," alisema. "Tembea naye tu, mama. Uchungu ukipoa atakuachia."

"Fundi!" shemeji yake aliita kutoka ndani. "Fundi mkuu, kuna mteja!"

Machela ilikuwa imeshashika barabara. Alitembea kandokando yake, ameinama upande mmoja kwa sababu mkono ulikuwa chini, akikanyaga pale walipokanyaga, na jua lilikuwa utosini mwa wote. Walipopita nyumba ya mwisho alisikia vidole vimelegea kidogo. Akageuza kiganja chake, akavishika yeye.